Mpiga Kinanda na Bia za Baada ya Misa

Ukitaka kumjua mpiga kinanda wetu, usianze na muziki. Anza na feni. Kanisani kwetu Gihosha, mtaa wa Bujumbura, kulikuwa na feni ya ukutani upande wa wanakwaya, na sisi sote tuliipenda kwa sababu ya joto. Yeye akiingia, hata kabla ya kufanya ishara ya msalaba, alikwenda kuizima. Mtu akiiwasha, anainuka, anaizima tena, bila hasira na bila neno, kama mama anayemfuta mtoto kamasi. Siku moja nilimuuliza feni imemkosea nini. Akaniangalia begani, maana machoni haangalii mtu.

«Inaimba, Mama Divine. Na haiko mu ton yetu.»

Nilicheka nikidhani ni utani, eti feni haifuati ufunguo wa wimbo wetu. Akangoja nimalize kucheka, kisha akaniuliza kama kweli mimi siisikii. Basi nikasimama pale nikatega sikio kwa bidii, na nilichosikia kilikuwa feni tu.

Mimi naimba sauti ya pili, na wa sauti ya pili tunasimama nyuma ya kinanda. Kwa hiyo kwa miaka mingi nimeuona mgongo wake kuliko ninavyouona mgongo wa mume wangu. Nilikuwa na hamu ya kumjua, hamu ambayo mume wangu aliipa jina la umbeya. Sikubishana naye. Mtu akiwa kama kitendawili, atakayekaa nyuma yake kila Jumapili lazima atafute jibu.

Wengi tulimwita Maestro. Alivaa shati la aina moja, la buluu hafifu, na mke wake alikuwa akiondoa kile kitambaa kidogo cha shingoni chenye jina la kiwanda kabla hajalivaa, maana kilimwasha kama siafu. Wali wake na maharage yake havikutakiwa kugusana. Ukikaa kwenye kiti chake hakugombezi, ila anasimama karibu nawe na kukingoja, mpaka wewe mwenyewe unaona haya unainuka.

Salamu ndizo zilizotuchekesha zaidi. Sisi watu wa Bujumbura salamu zetu ni ndefu, tunashikana mabega, tunaulizana watoto na wagonjwa na mvua, na jibu la yote ni kwamba ni salama. Yeye alikuwa akijibu swali. Ukimuuliza habari za nyumbani, anafikiri kidogo, halafu anasema: «Bomba la jikoni linavuja. Ines iko na mafua. Mama Ines amekasirika, lakini mi sijui juu ya nini.» Mke wake akiwa pale pale, ameshika pochi, anaangalia juu.

Hakujua kusema uongo, hata ule mdogo ambao adabu inautaka. Nakumbuka sherehe ya mahari ya dada wa mwalimu wa kwaya. Mnajua desturi yetu. Wageni wanafika, msemaji wao anazunguka kwa maneno ya mafumbo, na msemaji wa wenyeji anajifanya hajui chochote. Akakana kwa sauti kubwa: katika boma hili hatuna binti kabisa, nyinyi mmepotea njia. Mpiga kinanda wetu akainua mkono kutoka nyuma.

«Iko. Nimemuona saa hii mu chumba ya nyuma. Wanamusuka.»

Watu walianguka kwa kicheko. Mzee mmoja alicheka hadi kofia ikamtoka. Yeye aliduwaa, akawa anatuangalia mabega mmoja mmoja, na mara akawekewa chupa mbele yake kama zawadi ya utani ambao hakuwa ameufanya. «Leo Maestro amefika mapema!» alisema mwalimu wa kwaya.

Huo ulikuwa msemo wetu. Baada ya misa, kwaya yetu ina kabare yake, yaani baa, kule Mutanga Sud, yenye meza za mbao na brosheti, mishikaki ya mbuzi, na huko ndiko tulikomjua mpiga kinanda wa pili aliyekuwa ndani ya yuleyule. Alikaa amegeuzia mgongo ukuta. Bia yake aliitaka isiyo ya baridi. Wakati wa chupa ya kwanza hakusema lolote, na sisi tuliambiana, naye akisikia: «Maestro bado. Iko njiani.» Chupa ya pili mabega yalishuka. Ikifika ya tatu anaanza kumwigiza padri anavyotafuta miwani katikati ya mahubiri, anamwigiza mwalimu wa kwaya anavyokula mshikaki huku akipiga noti kwa kijiti, na meza za jirani zinageuza viti kumwelekea. Hapo tunapiga makofi: Maestro amefika!

Tulimpenda mno. Na kwa kuwa kwetu upendo una chupa, kila mmoja alimtumia yake. Tuliona bia inamtoa gerezani, nasi tukawa tunalipa faini. Hakuna aliyejiuliza mtu huyu yuko wapi kabla hajafika.

Nilichokuja kukijua baadaye nilikijua kwa mke wake. Ana duka dogo la vitambaa, na ni mpole, ila ulimi wake una chumvi. Nilikuwa nikimsifia mume wake, nikisema bia inampa maneno matamu. Akaacha kukunja kitenge.

«Munafikiri ni bia njo inamupa ile maneno? Apana, Mama Divine. Anazifanyaka repetisyo, kama mazoezi ya kwaya. Juma nzima anarudilia istware moja, hadithi ileile, mbele ya kioo. Bia ni ya kumusaidia afungue mulango tu.»

«Na nyumbani anakuwa namna gani?»

«Nyumbani anakaa. Anapumzika na sisi. Ile yenu ni kazi.»

Neno hilo lilinishika. Sisi tulikwenda kabare kupumzika, na yeye alikuwa anakwenda kazini. Hata hivyo hakuwahi kukosa. Hapo ndipo kilipokuwa kitendawili chenyewe: mtu anayeumizwa na kelele amechagua chombo cha kelele, anayeogopa watu hakosi mahali palipo na watu. Nilimuuliza hilo siku nyingine tukipanga vitabu vya nyimbo. Alisema kinanda hakimsumbui kwa sababu anajua kitakacholia kabla hakijalia. Kuhusu watu alisema tu: «Mi napenda watu. Nani alikuambia sipendi?» Nilijisikia mjinga, maana niliambiwa na macho yangu mwenyewe.

Bia haikai mahali ulipoiweka. Ilianzia baada ya misa, ikahamia kabla ya mazoezi, kisha kabla ya misa yenyewe. Pasaka moja padri alimpa amani ya Kristo, akarudi altareni uso umebadilika kwa harufu. Mikono ilianza kutetemeka juu ya kinanda, na alipotetemeka alikosea, na alipokosea aliumia kuliko alivyoumizwa na feni yoyote. Mwishowe alianguka nyumbani, akalazwa. Tulikwenda kumwona hospitalini kwaya nzima, tukaimba kando ya kitanda, naye akajifunika shuka kichwani mpaka tulipoondoka. Tukasema, masikini, ugonjwa umemharibia tabia.

Aliyefungua fumbo ni binti yake Ines. Wakati huo alikuwa anasoma uuguzi, na alipelekwa kufanya mazoezi ya kazi kwenye kituo cha watoto. Siku moja alirudi nyumbani, akakaa mbele ya baba yake. Mama yake amenisimulia maneno yale mara nyingi.

«Papa, kule kuko watoto wanafunika masikio kama we. Wanapanga vitu kama we. Wanajibu kama we. Wanaita autisme.»

Kwa Kiswahili cha redio ni usonji. Baba yake alifikiri.

«Na wakikuwa wakubwa wanakuwaka nini?»

«Sijui, Papa. Njo maana nakuangalia we.»

Usilolijua ni usiku wa giza. Mji mzima huu umejaa watu wazima ambao hakuna aliyewahi kuwaangalia kwa jicho hilo. Mtoto asiyesema watu wanamwona, wanasema amelogwa au wanampeleka kuombewa. Lakini mwanaume mwenye kazi, mke, na shati safi, sisi tunasema ana tabia zake, na akinywa tunasema ni mlevi, tumemaliza. Ines alimpeleka kwa mwanasaikolojia, mama mmoja mwenye sauti ya chini. Mama huyo hakumuuliza anakunywa kiasi gani. Alimuuliza anakunywa ili iweje. Akajibu: «Ili watu wapunguze sauti.»

Alinieleza mwenyewe, kwa uvumilivu, kama anayemfundisha noti mtu asiye na sikio. Alisema akikaa nasi anasikia vyote kwa nguvu moja: mimi ninayezungumza naye, mtu wa meza ya mbali, kijiko, mafuta yanayolia motoni, pikipiki ya nje. Na juu ya hayo lazima akisie uso huu unataka acheke au anyamaze. Bia iliweka kitambaa juu ya vyote. «Halafu kitambaa ikakuwa kizito,» alisema. «Sikuona tena njia ya kutoka.» Mwanasaikolojia alimwambia wako wengi wanaokunywa kwa sababu hiyo, bila kujua sababu. Nilimuuliza kama amefurahi kulijua jina la hali yake. Akasema hajui bado kama ni furaha, ila sasa haulizi tena ana ubaya gani.

Aliacha pombe chini ya mkono wa daktari, maana mwili uliozoea ukinyimwa ghafla unaweza kumuua mwenyewe. Na hapo kwaya yetu ikafanya jambo ambalo mpaka leo najicheka nikilikumbuka. Tulipomwona Jumapili tatu mfululizo na Fanta mbele yake, tukajua moja kwa moja: Maestro ameokoka, amechukuliwa na walokole. Kwetu Mkatoliki hai anayekataa bia ni lazima awe mgonjwa au ameshahama kanisa, na mgonjwa hakuwa tena. Tukateua wajumbe: mwalimu wa kwaya, mweka hazina na mimi.

«Maestro,» alianza mwalimu wa kwaya, kwa heshima kubwa, «utuambie bila kuficha. Ni kanisa gani?»

«Yetu. Ile yenye feni.»

«Apana, ile mpya. Yenye kukuachisha bia.»

«Ni docteur njo aliniachisha bia.»

«Kwa hiyo hauendi kwa walokole?»

Alishangaa kweli. «Mi naweza kuenda kule namna gani? Wako na ngoma na mabafle, spika kubwa kubwa!»

Tulirudi tumetulia. Lakini utulivu wetu haukudumu. Mpiga kinanda alipiga vizuri kuliko zamani, ila kabare alikaa kimya, akamaliza Fanta, akaondoka kabla brosheti hazijafika. Hadithi ziliisha. Baadhi walisema amepata majivuno. Mimi nitasema ukweli wangu: nilimkosa yule mwingine. Nilimkosa kama jirani aliyehama mtaa, na huku mwenye sura yake amekaa mbele yangu akiangalia bega langu. Nafikiri alijua. Siku moja aliniuliza waziwazi kama tulimpenda zaidi alipokuwa anakunywa. Nikamwambia yule tulimzoea, na yeye bado tunamzoea. Alikubali kwa kichwa, akasema hilo ni jibu linaloeleweka.

Kilichompa hofu hasa kilikuwa siku ya Ines. Binti alipata mchumba kutoka mtaa wa Kanyosha, kijana mtulivu, na sherehe ya mahari ikapangwa. Siku hiyo wageni huleta vinywaji. Mkubwa wao anamimina, anaonja kwanza ili ionekane hakuna ubaya ndani, kisha anampa baba wa binti mbele ya wote. Baba akinywa, ndugu wameungana na kila mtu anafungua chupa yake. Baba akikataa, amesema siwaamini, rudini na ng'ombe wenu. Alikuja mwenyewe dukani kwa mke wake nikiwa pale, akasimama katikati ya vitenge.

«Nikikunywa moja, sitasimama kwa moja. Nisipokunywa, watasema nimewakataa. Ines ataolewa mu familia yenye niliitukana.»

Tulimpa akili zetu zote. Mke wake alisema aguse tu kwa midomo. Akasema harufu ikifika puani yeye amekwisha. Mimi nikasema tutie malta, kinywaji kisicho na kilevi, ndani ya chupa ya bia, nani atajua? Akasema yeye atajua. Mwalimu wa kwaya alishauri baba mdogo wa Ines akae mahali pake, na wengi tuliona ndiyo njia. Ines akakataa.

«Baba mudogo asiniozeshe. Mi niko na baba.»

Sherehe ilikuwa Jumamosi mchana, nyumbani kwao, chini ya mahema. Ines alikuwa ameweka kiti cha baba yake pembeni, karibu na lango, mbali na kelele, si mbele kama desturi inavyotaka, na akaniomba mimi nikae naye. Mabafle yalikuwa yananguruma. Baba alikuwa amevaa koti juu ya shati lake la buluu, mikono kwenye magoti, miguu ikitikisika. Wasemaji walizunguka na mafumbo yao, watu wakacheka, na safari hii hakusahihisha mtu. Kisha mkubwa wa wageni, mzee mrefu mwenye fimbo, akamimina, akaonja, akaangalia kiti cha mbele. Alipoona ni baba mdogo aliyejikalisha hapo bila kuombwa, akauliza baba yuko wapi. Watu wakaonyesha lango. Mzee akavuka uwanja wote na glasi mkononi, povu likimwagika kwenye kidole.

«Baba ya mutoto wetu, pokea.»

«Asante, Muzee. Sinywi.»

Nilisikia mama mmoja akivuta pumzi. Msemaji wetu aliruka kuokoa mambo, akasema jamani baba anatania. «Sitanii,» alisema yeye. Tangu nimjue sijawahi kumwona ametoa jasho namna ile. Mzee hakuondoa glasi.

«Tumekukosea?»

«Apana. Hamujanikosea kitu. Ni hivi.» Alikuwa akiongea na kifundo cha fimbo. «Mi nikikunywa, nasahau. Ubatizo ya Ines, siikumbuki. Komunio yake, siikumbuki. Watu wananiambia nilicheza, nilichekesha. Labda ni kweli. Mi siko nayo. Ya leo naitaka.»

Mimi nilikuwepo kwenye komunio ile. Nakumbuka alivyocheza na kiti kichwani, Ines katika nguo nyeupe akimfuata nyuma kwa kicheko, sisi sote machozi yakitutoka. Tumeisimulia siku hiyo tangu hapo. Kwaya nzima tunayo, na baba mwenyewe hana. Machozi yalinitoka tena na sikuyaficha.

Kwetu glasi iliyotolewa hairudishwi. Baba mdogo alikuwa ameshainuka aje kuipokea, lakini mzee akainua glasi mwenyewe, akanywa yote polepole hadi chini, akapangusa mdomo.

«Nimekunywa yangu, nimekunywa na yako. We angalia.»

Akageuka, akampungia fimbo kijana wa mabafle apunguze sauti. Si wote waliopendezwa. Shangazi mmoja wa upande wao alinung'unika hadi mwisho, na baba mdogo aliondoka kabla ya chakula. Lakini chupa zilifunguliwa, na Ines akatolewa nje na wenzake.

Alikuwa amevaa imvutano, ile nguo ya bibi harusi inayofungwa begani, na ushanga kwenye paji la uso. Bibi harusi wetu hufundishwa asicheke mbele ya watu. Hutembea taratibu, macho chini, uso umetulia kabisa. Vigelegele vikapanda. Baba yake aliziba masikio kwa viganja viwili, akasimama, na macho yake hayakutoka kwa binti hata mara moja. Ines alipofika katikati ya uwanja alitutazama kidogo pale langoni, akateremsha macho tena.

«Mama Divine,» aliniuliza kwa sauti kubwa ya mtu aliyeziba masikio, «amefurahi?»

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, sana. Akaondoa kiganja kimoja.

«Unaonea wapi? Nionyeshe.»

Nikasimama karibu naye, tukamwangalia binti pamoja, nikaanza kumweleza kuanzia kwenye macho.